Hatua Thelathini na Nne

Mwaka ule ziwa lilifura likala mashamba ya ufukweni kwetu Kisegi. Mama, mjane wa miezi michache, alikuwa na swali moja tu: maji yatafika mlangoni lini? Kwa desturi yetu mjane hajijengei nyumba, wala halali kwa watu. Lazima arithiwe kwanza na ndugu wa marehemu, naye ndiye asimamishe nguzo. Shemeji yake mkubwa alikuwa tayari, mlevi wa mkono mwepesi. Mama alimngoja mdogo, mchuma chai wa Kericho, aliyeahidi kurudi wiki ya nane tangu likizo yangu ianze.

Nilikuwa nimetoka bwenini Homa Bay na integresheni mbichi kichwani, nikijiona msomi hasa. Ukijua kasi ya kitu, mwalimu alitufundisha, utajua kimefika wapi. Siku ya kwanza ya likizo nikachomeka kijiti ukingoni mwa maji. Wiki ya kwanza yalisogea hatua mbili, ya pili nne, ya tatu sita. Kasi, nikaandika, ni 2t + 1. Integresheni yake: t² + t. Kutoka jiwe la kufulia, ziwa lilipoishia zamani, hadi mlangoni ni hatua tisini. Basi wiki tisa kamili!

"Una hakika, nyara?" Mama aliniuliza. Kwa Kijaluo, nyara ni 'binti yangu'.

"Mama, hii ni hesabu, si ramli."

Akaniamini, maskini, hakumwita mdogo aje mapema. Nikarudi shule.

Wiki ya saba maji yaliingia, ukuta wa udongo ukalala chini. Shemeji mkubwa akasimamisha nguzo siku iyo hiyo. Mdogo alifika wiki iliyofuata na mabati mawili begani, akakuta nyumba imeshaezekwa.

Nilikuwa nimempa mwalimu hesabu ile anisifu. Ilirudi baada ya habari za nyumbani kunifikia, maksi moja imekatwa, na wino mwekundu ukiuliza: C iko wapi? C ni kile kilichokuwapo kabla hujaanza kupima. Siku nilipochomeka kijiti, maji yalikuwa yameshalipita jiwe kwa hatua thelathini na nne. Sikuziongeza. Nilijichukia, na bado najichukia.

Likizo iliyofuata nilimkuta Mama katika nyumba mpya, jicho moja limevimba. Nikamwambia ukweli: nilisahau mahali maji yalipokuwa yamefika tayari.

Aliendelea kuparua samaki.

"Hilo ungeniuliza mimi," alisema. "Nilikuwa nachota pale kila siku."