Reli ya Mikebe Ilivyopita Ukweni

Mkasa huu uligharimu maksai wawili, msimu mzima wa mahindi na heshima yangu ukweni, na ukiniomba nipunguze siwezi, maana hesabu hiyo nimeipitia mara mbili na inatoka vile vile. Hao maksai hata hawakuwa wangu. Hapo ndipo aibu inaponikaba.

Mimi huuza vipuri vya mitumba na vyuma chakavu Migori mjini, na watu wananijua kwa ugumu wa bei (mama mmoja aliwahi kuniambia, "Wewe ukifa utabishana na mchimba kaburi"). Lakini jioni nikishafunga duka nina ugonjwa mwingine: natengeneza reli ndogo za kuweka mezani, za treni ambazo hazijawahi kuwepo na hazitakuwepo. Tangi la karabai nimeligeuza boila ya mvuke, minyororo ya baiskeli inazungusha magurudumu, spoku ndizo reli zenyewe, na juu ya ziwa la kioo cha bluu kuna stesheni inayoning'inia kwenye puto, abiria wa shaba wakisubiri treni ya kwenda mwezini. Mke wangu Akinyi huiita "mtoto wako wa nje".

Mwaka jana nikaipeleka kwenye maonyesho ya kilimo Homa Bay. Hadi mchana ilikuwa imetazamwa na watu wawili, mmoja wao akiuliza choo kiko wapi, huku banda la jirani lenye mbuzi wa maziwa likifurika. Mfanyabiashara havumilii kitu kama hicho, basi nikachukua rangi, nikafuta majina yangu ya mwezini, nikaandika Migori, Lambwe, Mbita, Rusinga, na pale Lambwe, kwa kuwa boma ninalolijua vizuri kule ni la baba mkwe, nikaweka nyumba yake, tangi lake la maji na maksai wake wawili wa udongo, reli ikipita katikati ya shamba.

Watu wakaja, tena wengi, kila mmoja akitafuta kwao kwa kidole. Na katikati yao akatokea baba mkwe mwenyewe, Mzee Odongo, aliyekuwa amekuja kununua mbegu. Akainama, akatazama sana.

"Orwa," akaniita (ndivyo wanavyomwita mkwe kule), "hapa si kwangu?"

"Ni kwako, Jaduong'," nikamjibu, kama anavyoitwa mzee wa heshima.

"Na reli inapita hapa kabisa?"

"Inapita."

Akanisogelea sikioni. "Walikuja kupima lini?"

Ningesema tu: baba, huu ni mchezo. Lakini watu walikuwa wakinisikiliza, kijana mmoja alikuwa ameshaniita Injinia, na mimi sijawahi kuishusha bidhaa yangu mbele ya wateja. Nikajibu, "Mambo kama hayo hayasemwi hadharani, Jaduong'."

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekabidhiwa siri, akaondoka bila zile mbegu. Ningekuwa na akili ningemkimbilia.

Kwetu kila mtu anajua kwamba reli ikipita kwako unalipwa fidia, na nyumba hulipwa zaidi kuliko shamba tupu. Mzee akauza maksai wake, wale wale waliokuwa wakilima kwake na kwa majirani, akanunua mabati, akajenga nyumba ya vyumba vinne katikati ya shamba, pale pale nilipopitisha spoku zangu. Majirani wakaona. Mmoja akajaza miche ya parachichi mpaka hakuna pa kukanyaga, mwingine akasogeza ua, aliyesogezewa akatoa panga, na naibu chifu akaitisha baraza. Injinia akaalikwa.

Nilikwenda na reli yangu kwenye pikapu, nikifikiri kuonyesha ni rahisi kuliko kueleza. Nikaiwasha. Nikaanza, "Wazazi wangu, hii treni ni ya kuchezea, hakuna reli inayokuja," na hakuna aliyesikia, kwa sababu filimbi ilikwama (niliitoa kwenye birika la chai, na birika halijui baraza). Ikalia na kulia, ikabidi nipaze sauti, "Ni ya kuchezea! Niliitengeneza na mikebe!" na hapo hapo maji yakaisha, filimbi ikazima, mimi nikabaki napiga kelele peke yangu.

"Injinia wa mikebe!" kijana mmoja akadakia kutoka nyuma, na baraza zima likaangua kicheko.

Kisha mama mmoja, jirani wa mzee, akasimama. Yeye hakucheka. "Na sisi tuliokuwa tunalimiwa na wale ng'ombe, sasa tutalima na hiyo filimbi?"

Vicheko vikakatika. Mama mkwe akainuka, akajifunika leso usoni, akaenda zake. Mzee alibaki ameketi, macho kwenye reli.

Mvua ikaja kwa wakati wake. Kwa wenye ng'ombe mahindi yakapanda hadi kiunoni. Kwa mzee magugu yakaizunguka nyumba ya mabati. Nilimpelekea magunia ya mahindi, akayapokea kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko matusi.

Wiki iliyopita akaja dukani kwangu, akakaa juu ya tairi mpaka wateja wakaisha, akarudisha mlango.

"Orwa, pale barazani ulifanya vizuri kuwaficha. Wale wana midomo. Sasa niambie mimi: wapimaji wanarudi lini?"

Nikamwambia ukweli, polepole, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Nilimwomba msamaha. Akanipiga begani akitabasamu.

"Sawa, naelewa. Wamekuapisha."

Sasa analala peke yake kwenye ile nyumba, mlango wazi, wapimaji wasije wakampita. Jirani mmoja mwenye huruma alijitolea kumlimia msimu huu, mzee akamkataza asiingize plau, eti ataharibu alama za wapimaji. Nimeapa sitaandika tena jina la mahali pa kweli kwenye reli ya uongo, lakini kiapo hakilimi shamba, na watu wameanza kupanda. Basi ninyi mnaojua kuongea na wazee, nishaurini: mtu akikataa ukweli kwa sababu unatoka kwangu, nimtume nani amwambie?