Kesi ya Mapasa

Mimi ni mtu wa kiburi, afadhali niseme mapema. Nilifunzwa kuandika programu katika kampuni ya migodi, na kampuni ilipoanguka nilibaki na elimu yangu kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba iliyoungua.

Mtaani kwetu Likasi kompyuta iliyonusurika ilikuwa moja. Padri aliificha chini ya magunia ya pumba wakati wa uporaji, kisha akaipeleka zahanati, na mimi nikapelekwa nayo. Wauguzi wenye uzoefu walikuwa watu wa Kasai, nao walikuwa wamefukuzwa na kupanda treni za kurudi kwao pamoja na familia zao. Waliobaki wengi walikuwa wanagenzi, na kukadiria kinini, dawa ya malaria, kwa uzito wa mtoto kuliwatia kiwewe, kwa sababu kinini ikizidi moyo wa mtoto unaweza kusimama. Mashini ilitakiwa ipige hesabu hiyo na kuchapa kipimo kwenye karatasi.

Aliyeniongoza alikuwa muuguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Nilimwomba anieleze yote anayotaka, niende nikaandike, nirudi baada ya miezi miwili. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Miezi mbili? Weye, malaria itakungoja?"

Akafungua daftari la shule, akaandika kesi moja, yaani mtoto mmoja wa kupimiwa dawa. Mizani ya watoto ilikuwa imeibwa, tukabaki na ile ya kupimia magunia, kwa hiyo mama alipimwa akiwa amembeba mtoto, kisha peke yake, na tofauti ndiyo ilikuwa uzito wa mtoto. Aliandika namba hizo mbili, na chini yake jibu alilolipata kwa kalamu.

"Bon. Fanya iyi moya tu. Kesho utanionyesha."

Umeme ulikuja asubuhi na kukatika adhuhuri, basi kesi moja ikawa kazi ya siku. Kila asubuhi aliandika nyingine, na jibu lake, kabla sijagusa kitu. Tena alinilazimisha niijaribu kwanza kwa programu ya jana, wote wawili tuione ikikosea. Nikamuuliza kwa nini tupoteze umeme kutazama kosa tunalolijua.

"Mwanafunzi mwenye kujibu mbele ya kufundishwa, ameibia jibu," alisema.

Ndipo niliandika mistari michache mpaka jibu likatoka sawa, kisha tukarudia kesi zote tangu ukurasa wa kwanza, maana marekebisho ya leo mara nyingi yaliharibu kazi ya juzi. Haba na haba hujaza kibaba. Miaka baadaye nilisikia wageni wakiisifia namna hiyo ya kazi kana kwamba wao ndio walioigundua, nikacheka peke yangu.

Ijumaa moja kesi zote kumi na mbili zilipita. Nikatangaza kwamba Jumatatu tunaanza. Muuguzi alikuwa bado anaandika.

"Mama wa mapasa akikuya? Mapasa hawaachanishwe."

Mapasa ni mapacha. Kwa watu wetu, linalofanywa kwa mmoja hufanywa kwa mwenzake, la sivyo yule aliyeachwa hununa, na mtoto akinuna anaweza kuondoka duniani. Nilimjibu kwamba mapasa ni wachache, tutawashughulikia siku nyingine. Sikutaka kuonekana sijamaliza. Alichomeka kalamu kwenye daftari.

"Sawa. Lakini minye mwenyewe nitaangalia kila karatasi."

Jumatatu nilikaa kwenye mashini kama bibi arusi. Mpimaji alinipitishia dirishani fomu niliyoichora mwenyewe, yenye nafasi ya namba mbili tu. Kesi ya tano asubuhi hiyo: sitini na tano, na hamsini. Mashini ikasema mtoto wa kilo kumi na tano, ikachapa kipimo, nami nikaita fomu inayofuata.

Muuguzi aliingia na ile karatasi mkononi. Hakupandisha sauti.

"Kuya uone."

Mama huyo alikuwa amefika kwa baiskeli kutoka Kambove. Kitandani walilala watoto wawili, wote wanawaka homa, na dripu ya kinini, serumu kama tunavyoiita, ilikuwa haijafunguliwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Mama alikuwa amepanda mizani amewabeba wote wawili kwa pamoja.

"Mashini ilisema nini?" mama yao akauliza.

"Ilisema tukuulize weye kwanza," muuguzi akamjibu, na aibu yangu akaifunika hapohapo.

Kisha akanigeukia. "Weye njo mwenye mashini. Beba uyu."

Mama akapanda mizani na mmoja mikononi, mimi nikasimama kando nimembeba wa pili, bega kwa bega, asije akahisi ameachwa. Hamsini na nane. Yule aliyekuwa kwa mama alikuwa na kilo nane, wangu saba, na mimi nilikuwa nimempimia kinini ya kilo kumi na tano. Alikuwa wa moto, na alinikojolea blauzi yote. Muuguzi alipiga hesabu kwa kalamu, akafungua serumu mbili.

Kesho yake niliingiza kesi ya kumi na tatu, ya mapasa wale. Kwanza tuliitazama ikikosea, kumi na tano ileile, na safari hii sikulalamikia umeme. Nikaongeza nafasi ya namba ya tatu, na kufikia saa nne ilitoa karatasi mbili, saba na nane. Tukarudia kesi zote tangu mwanzo, zikapita. Nilitaka anisifu, nakiri, lakini alifunga daftari tu.

"Wanakuita kule kitandani."

Nilidhani wamegundua kosa langu. Mama alikuwa ameketi, amewapakata wote wawili. Akaninyooshea yule mwenye kilo nane.

"Yana ulibeba mwenzake," alisema. "Na uyu?"

Nikampokea. Homa ilikuwa imemwachia, mwili wake umepoa. Nililia mbele yao wote, na muuguzi akanishikia blauzi nyingine, huyu naye asije akanikojolea.