Figo Niliyotaka Kumpa Dada

Nyumbani kwetu siku ya kliniki ilipokelewa kama mgeni mkubwa. Ikikaribia, dada yangu aliacha halwa, akanywa chai bila sukari, akameza vidonge vyake vyote, na jioni akatembea hadi Katwe na kurudi. Majibu ya damu yalitoka mazuri. Daktari alimsifu, sisi tukampikia biriani ya pongezi, na vidonge vikarudi kabatini kungoja kliniki nyingine. Mkojo hakuupeleka kupimwa hata mara moja. Mwanamke wa heshima, alisema, hapiti Nakivubo na mkojo kwenye mkoba, mbele ya watu wanaonunua iliki dukani kwake.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, presha juu yake, na magoti yaliyomfanya ale dawa za maumivu kama njugu. Povu la mkojo aliliona chooni, akailaumu sabuni. Miguu ilipoanza kuvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, figo zilikuwa zimekwisha, na sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu.

Nikajitolea kumpa figo. Mimi ni mtu wa kuandika makala, kwa hiyo hata kabla ya vipimo nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumwambia, mazuri mno, yenye unyenyekevu wa kutosha kumliza yeyote. Daktari wa vipimo, kijana mpole, aliuliza kama kwetu kuna kisukari. Nikasema kipo. Presha? Ipo. Sigara? Baba alivuta. Dawa za maumivu za mara kwa mara? Nikaanza kumweleza habari za magoti ya dada.

"Nakuuliza wewe, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

Nikacheka. Presha yangu niliambiwa zamani kuwa inapanda kidogo. Niliichukulia kama sifa ya wasomi. Sigara niliacha, nikairudia, nikaacha. Kiuno kinauma kwa kukaa, nacho kina vidonge vyake.

Majibu yalipotoka, daktari alisogeza kiti karibu nami. Nina kisukari, pengine kwa miaka, na protini imeanza kuvuja kwenye mkojo. Sisikii chochote kwa sababu mwanzoni hakuna cha kusikia. Tukidhibiti sukari na presha, na nikiachana na sigara na vile vidonge, figo zangu zinaweza kunifikisha uzeeni.

"Lakini kumpa dada yako, hapana," akasema.

Alikuwa ananipa habari njema, maskini. Nilimshukuru kwa adabu zote nilizofundishwa na yule ninayemkosesha figo.

Nilimkuta dada kwenye mashine, mtandio umekaa vizuri kana kwamba yuko kwenye maulidi. Maneno niliyotunga hayakuwa na kazi tena. Nikamwambia tu.

Dada akasema, "Tangu utotoni wewe ni kuniiga tu. Hata hili, mdogo wangu?"

Nikajaribu kucheka. Akaniamuru nivue kiatu na soksi, niweke mguu kitini, pale mbele ya wagonjwa wote. Kwa mkono usio na sindano akabonyeza kifundo changu, akashikilia, akaachia, akainama kutazama kama kidole kimeacha shimo.

Halikuwepo.

"Alhamdulillahi," akasema, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na kuniambia nivae kiatu changu.