Gari yangu kila ikitoka garaji inakohoa upya, hadi ikapiga "PA!" mbele ya bunduki

Salamu wakuu, na wamama wote mlio humu.

Mimi ndiye yule mama wa Uvira aliyemnyang'anya fundi ndoo ya maji mkononi na kuimwaga miguuni pake, watu wakiangalia. Waliokuwepo wameshasimulia vyao. Leo nasimulia mwenyewe, jinsi ilivyokuwa. Nimechoka, sina hata nguvu ya kudanganya.

Gari yangu ni ya zamani. Ya kabureta, usukani kulia kama nyingi za huku. Baba wa mtoto aliniachia akaenda kutafuta kazi Kalemie, na tangu waasi waanze kupigana hajapata njia ya kurudi.

Basi nikaiingiza barabarani. Asubuhi nabeba wamama wa soko hadi Makobola, wananunua ndagala (dagaa) mitumbwi ikifika, tunarudi Uvira kuuza. Mwanangu Asifiwe, hajatimiza mwaka, tunakwenda naye. Sina wa kumwachia. Anapakatwa nyuma na Mama Feza, mteja wangu wa kwanza kabisa, mwanamke wa umri wa mama yangu.

Gari ikaanza kukohoa.

Siyo kila siku, na hapo ndipo taabu ilipo. Inakwenda vizuri siku kadhaa, halafu asubuhi moja inatetemeka, haina nguvu, kama silinda moja imelala. Jua likipanda inapona yenyewe. Ukiipeleka kwa fundi mchana, inanguruma kama mtoto aliyeshiba.

Fundi wangu, tumwite Papa Jolie, ana garaji kando ya mto. Aliwasha, akasikiliza, akazima.

"Mama Asifiwe, moteri iko muzuri. Ni weye iko unakanyaga embreyaje mubaya. Mwanamuke na gari, ni bintu bibili."

Watu wote pale wakacheka. Embreyaje ndiyo klachi, kwa msioijua. Mimi nikamwachia funguo, nahitaji gari.

Akabadilisha bugi (zile mnazoziita plagi). Kesho yake asubuhi, kikohozi. Nikarudi, akabadilisha koili. Kesho yake, kikohozi kibaya zaidi. Nikarudi, akafungua kabureta akaisafisha. Kesho yake, vilevile.

"Basi ni esanse ya chupa munanunua kando ya barabara," akasema.

Na hilo niliamini, maana esanse (petroli) ya chupa kweli huchanganywa vitu. Nikaanza kupanga foleni kwenye stesheni ya mafuta na mtoto mgongoni. Kikohozi kikabaki palepale.

Kabla hamjaniandikia "badilisha fundi": wa pili niliyemjua amekimbilia ng'ambo, Burundi. Wa tatu amefunga. Huku siku hizi unamshika fundi aliyebaki.

Sasa bariyeri.

Ilikuwa asubuhi baada ya kutoka garaji mara nyingine, foleni za stesheni ziliposhindwa kusaidia. Karibu na Makobola kuna kamba barabarani na vijana wenye silaha. Gari ilikuwa inakohoa njia nzima. Silinda isipowaka, esanse mbichi inaenda kukaa kwenye bomba la moshi, na bomba lina moto. Nilipoachia mafuta ili nisimame, ikawaka yote kwa mara moja.

PA!

Wakuu, huku kwetu, miaka hii, mlio ule una maana moja tu.

Vijana wote chini. Isipokuwa mmoja. Yeye, aliyesimama ukingoni kulia, aliikoki bunduki. Na kwa sababu usukani wangu uko kulia, mimi ndiye niliyekuwa upande wake. Mdomo wa bunduki ulikuwa karibu na shavu langu hadi nilisikia harufu yake.

Nyuma, Mama Feza alimlalia Asifiwe, akapaza sauti:

"Ni gari, mwanangu! Ni gari tu! Iko mugonjwa, iko inakohoa!"

Yule kijana akaniangalia. Akaiangalia gari. Akaniangalia tena.

"Mama, hii gari yako iko upande wa nani?"

Wenzake wakaanza kucheka wakijipangusa vumbi. Kamba ikashushwa. Gari ikanizimikia nikijaribu kuondoka. Hapo kweli nilikanyaga embreyaje vibaya, Papa Jolie afurahi.

Tulipofika sokoni Mama Feza alinirudishia mtoto taratibu.

"Mwanangu, minye nakupenda. Lakini kesho napanda pikipiki."

Wote wakapanda pikipiki. Wote.

Nilikaa nyumbani siku ile nikijiuliza kitu kimoja tu: inakohoa lini? Ikinyeshewa mvua. Ikilala penye umande wa ziwani. Na ikitoka garaji.

Ikitoka garaji?

Ndipo nikakumbuka. Papa Jolie ana desturi, na garaji zote za pale mtoni zinayo: gari haimrudii mwenyewe na moteri chafu. Kazi ikiisha anachota maji mtoni, anamwagia injini ikiwa bado ya moto, hadi ing'ae. Ni heshima kwa mteja. Na mimi kila mara nilikuwa nasema aksanti!

Nikatoka na ile chupa ya kunyunyizia nywele ninaposuka. Injini inawaka, imepata joto, haina neno. Nikanyunyizia maji kidogo kwenye waya zinazopeleka moto kwenye bugi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu injini ikajikwaa, ikakohoa, na nikaona uzi mdogo wa bluu unaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma.

Nikapangusa kwa nepi kavu. Ikapona.

Nikanyunyizia tena. Ikaugua.

Nilicheka peke yangu kama kichaa, kisha nikalia. Ufa kwenye mpira wa waya, mwembamba kama unywele. Mchana ikiwa kavu huuoni, moto unapita sawasawa. Ikilowa, moto unatorokea pembeni. Yeye anaipima kavu, anaridhika, halafu anailowesha na kunikabidhi ugonjwa niende nao nyumbani.

Nikaenda kumwambia. Kwa adabu, naapa.

"Papa Jolie, ni waya wa tatu. Na ni maji yako."

"Ulisomea mekaniki wapi, mama?"

"Sikusomea. Nimeinyunyizia maji ikakohoa. Njoo uone."

Hakuja kuona. Alicheka, akainama, akachukua ndoo yake.

"Acha kwanza niioshe, utulie, tutaongea."

Hapo ndipo utakatifu wangu ulipoishia. Mengine mmeshayasikia.

Waya mzima nimeutoa kwenye gari jingine bovu, nikaufunga mwenyewe. Haijakohoa tena, hata kwa mvua. Lakini Mama Feza bado anapanda pikipiki, na Papa Jolie bado anamwagia maji magari yanayopita bariyeri ileile.

Nilichojifunza: gari ikiugua siku moja na kupona siku nyingine, usiulize kwanza kibadilishwe nini. Uliza inaugua lini. Na fundi akikwambia tatizo ni wewe, mwambie akuonyeshe.

Wenye gari za zamani, yamewakuta? Wanaume mnaotaka kuniambia kuhusu embreyaje, karibuni pia, leo nina nafasi.

Haya ndiyo malalamiko niliyopeleka. Yamepokelewa, yamepigwa muhuri:

"Kwa Kamati ya Mafundi wa garaji za mtoni, Uvira.

Mimi, Mama Asifiwe, dereva, namlalamikia fundi wenu kwa kuosha injini kwa ndoo bila kukagua waya, na kunirudishia gari yenye hatari akinilaumu mimi. Kwa sababu hiyo mimi, mwanangu na abiria wangu tulielekezewa bunduki.

Sidai pesa. Sidai aniombe msamaha.

Naomba waya wangu wa zamani, ambao nimeuleta pamoja na barua hii, urudishwe kwenye gari. Fundi aoshe injini kwa mkono wake kama desturi yake. Kesho yake asubuhi apande gari hiyo, akae nyuma, ampakate Asifiwe, na mimi nitaendesha hadi bariyeri.

Akikataa, naomba aandike hapa chini anaogopa nini."