Kaka Gezo Alivyoshuka Majini

Kuna watu midomo yao haina breki, na mmoja wao ni yule kijana Luo, mwongoza watalii kutoka mjini. Ndiye aliyeiharibu nyumba ya Sona, na mpaka leo anatembea kifua mbele kando ya Ziwa Lugu kama hakufanya kitu.

Sona ni Mmosuo, kabila dogo la milimani huko Uchina, mama wa makamo, mikono migumu, maneno machache. Kijijini kwao kila nyumba hutoa wapiga makasia kwa zamu, na nyumba yao siku zote ilitoa watu walewale: Sona mbele, kaka yake Gezo nyuma. Walianza wangali watoto, wakienda kukata majani ya ziwani ya kulishia nguruwe. Mwanamume wa Kimosuo hahami kwenda kuoa. Anabaki na dada zake, analea watoto wao, anazeekea pale pale kwenye meko ya mama yake. Binti wa Sona alifundishwa kutembea na Gezo na akapelekwa shule na Gezo. Baba yake naye anajulikana vizuri, yuko kijiji cha ng'ambo, huja usiku na kurudi kwao asubuhi, na hakuna anayemwonea haya. Ila habari hizo za nani anamjia nani, kaka na dada hawazisikilizi wakiwa pamoja. Mtu akizianzisha, mmoja wao huinuka akatoka nje. Hata mtoto mdogo pale analijua hilo.

Na Luo analijua. Amekula viazi vya moto kwenye meko yao si mara moja, na aliambiwa waziwazi. Asije mtu hapa akamtetea kwamba ni mgeni.

Siku hiyo alimleta mtalii mmoja kutoka Norwe, mama mtu mzima aitwaye Marit, aliyewahi kuwa mwalimu. Marit alikodi mtumbwi mzima peke yake, akakaa katikati ametulia, anautazama mlima Gemu ulivyoinamia maji. Walikuwa bado karibu na ufuo, kwenye majani, alipomwomba Luo amuulizie wenyeji nani hasa huwalea watoto huku. Swali zuri, na aliliuliza kwa heshima. Sona angemjibu kwa fahari kwamba mlezi ndiye huyu hapa nyuma yangu.

Luo hakulifikisha swali hilo. Aliwasha kile kipaza sauti anachofunga kiunoni, akasema kwa Kichina ili mitumbwi yote ya jirani isikie.

"Shangazi Sona, mgeni anauliza, mlangoni kwako wamepita wangapi? Au tumuulize kaka yako? Si ndiye anayelala karibu na ngazi ya chumbani kwako, anawahesabu?"

Watalii wa mitumbwi mingine wakaangua kicheko. Sona alihisi uso unamwaka moto, na hakuthubutu kugeuka nyuma. Alisikia kasia likilazwa, kisha mtumbwi ukayumba. Gezo, mtu mzima na koti lake zito, alikuwa ameshuka majini. Maji ya theluji iliyoyeyuka yalimfika kifuani, naye akaanza kuyakata kuelekea nchi kavu bila kutazama nyuma. Marit aliinuka kwa hofu akiuliza kama mzee ameanguka. Luo alicheka, akatangaza kwamba mzee amekimbia hesabu.

Sona angemjibu vipi wakati Gezo bado anasikia? Kila tusi ambalo angemrudishia Luo lingemfikia kaka yake kwanza. Aliuma meno akangoja mpaka Gezo alipofika ufuoni, akapita nyuma ya banda la mitumbwi, akapotea. Hapo mori ukampanda. Alimkwapua Luo kile kipaza sauti, akakivurumisha ziwani.

"Wewe umekula kwetu," alimwambia. "Umekula ukashiba, halafu ukaja kunivua nguo mbele ya kaka yangu."

Marit alimbana Luo mpaka akamweleza yote. Uso wa yule mama uliiva kwa aibu na hasira, akamwamuru Luo akamtafute mzee sasa hivi amwombe radhi. Luo akakubali upesi. Ni neno dogo tu, akasema, ataomba radhi yaishe.

"Utamwambia unaomba radhi ya nini?" Sona akamuuliza.

Kuomba radhi ni kulitaja lile neno, na kulitaja mbele ya Gezo ni kumtukana upya. Mjinga yule alikuwa amefanya kosa lisilo na mahali pa kuombewa msamaha.

Nyumbani Gezo alisema ameteleza. Alipokea chai ya siagi kutoka kwa dada yake kwa mikono miwili, macho chini. Zamu yao ilipofika tena, alimwambia msimamizi wa mitumbwi kwamba bega linamuuma. Bega gani? Mtu anapasua magogo ya msonobari kila siku! Tangu hapo Sona anapiga makasia na jirani. Yeye na kaka yake huongea habari za nguruwe na mvua, lakini kukaa mtumbwi mmoja, basi tena.

Kiangazi Luo alinunua kipaza sauti kingine. Asubuhi moja Sona alikuwa ufuoni akifunga kamba, na Gezo hatua chache kando anaupaka lami mtumbwi uliopinduliwa, kazi pekee ya ziwani iliyomsalia. Luo akapita hapo karibu akiwa na wageni wapya, anawasimulia habari za mzee aliyerukia maji kwa sababu ya wanaume wa dada yake. Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Gezo aliacha lami yake, akapanda njia ya nyumbani. Sona alitaka kumwita, kaka, rudi. Lakini angemrudisha aje asikilize nini?