Majike Watatu wa Bwawa la Kidichi

Siku ile nyumbani tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu wa kike ambaye bado alikuwa akilala na kanga ya marehemu mama, ami yetu aliyefika asubuhi kutoka Fumba, Bi jirani wa ghorofa ya juu, wanaume wa mtaani waliojaa barazani, na mzee mmoja wa Kitumbatu aliyesimama peke yake karibu na mlango, pindo la kanzu yake limeingia udongo mwekundu wa shamba. Baba naye alikuwepo. Alikuwa keshakoshwa na kukafiniwa, yumo ndani ya jeneza.

Kabla ya kumtoa, ami alisimama mlangoni akasema yale yanayosemwa siku zote. Kwamba marehemu alikuwa binaadamu, aliyekosewa naye amsamehe, na anayemdai chochote amkabili yeye. Kwa kawaida maneno hayo hufuatwa na kimya, kisha watu wakainama kulishika jeneza. Safari hii mzee wa Kitumbatu akasema, "Mimi nnamdai."

"Kiasi gani, mzee wangu?" ami akauliza.

"Si kiasi. Samaki. Majike watatu wa perege."

Barazani mtu alicheka, kisha akajikohoza. Mwengine akasema, "Yakhe, kitoweo unakidai mbele ya maiti?"

"Si wa kitoweo. Ni wa kuzalia."

Ami akatia mkono mfukoni. "Chukua hizi, kanunue wengine Darajani."

"Darajani wanauzwa waliokwishakufa. Na shilingi hailei watoto mdomoni."

"Basi msamehe, bwana. Maiti anangojea."

"Wangekuwa wangu ningemsamehe kabla hamjateka maji ya kumkoshea. Wale ni wa bwawa, na bwawa ni la watu wote. Nimsamehe kwa ulimi wa nani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi pamoja na wanawake. Nilisikia pumzi za watu, na nilimwona ami ameshika noti zake hajui azirejeshe mfukoni au aziache mkononi. Nikasema kwa sauti, "Deni la baba ni langu. Nalichukua mimi."

Bi jirani alinifinya ubavu. Sauti ya mtoto wa kike haikutakiwa kufika barazani saa kama ile. Lakini mzee aliugeukia mlango, hanioni wala mimi sikuwa nikimwona uso, akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Hapo ndipo wakamnyanyua baba.

Baada ya hitima, ami alituweka kitako sote watatu. Alisema roho ya maiti hufungwa na deni lake, haiendi inakokwenda mpaka lilipwe. Alinikusudia mimi, ili nisije nikalifanyia mzaha neno nililolitamka. Kitinda mimba alikuwa amekaa mapajani pangu. Nilidhani amelala.

Baba alikuwa mpiga lipu. Miaka ile ya mwisho wa uhai wake alikuwa akifanya kazi kwenye majumba marefu ya Michenzani, akirudi jioni nyusi zimekuwa nyeupe kwa saruji. Starehe yake ilikuwa moja tu. Jumapili alichukua fimbo yake ya mwanzi, mshipi na kopo la minyoo, akapanda gari la shamba kwenda Kidichi, bondeni, ambako serikali ilikuwa imechimba mabwawa ya maji baridi na kuleta perege kutoka bara. Mabwawa matatu yalikuwa ya kuzalisha vifaranga vya kugawiwa vijiji. La nne liliachiwa watu wavue kwa ndoana, mtu na mshipi wake, bila wavu. Mtaani walimcheka. "Bahari yote hii imetuzunguka, naye anakwenda shamba kuvua dimbwini!" Naye akiwajibu, "Baharini natafuta kitoweo. Kule natafuta kukaa."

Sharti la bwawa lilikuwa dogo. Ukivua jike aliyejaa kidevu, mrudishe. Perege wa kike hutaga mayai kisha akayachukua mdomoni, na yakianguliwa watoto hukaa mumo humo. Muda wote huo hali chakula. Baba alitueleza hayo baada ya mama kufariki, nami nilikuwa nimeshaacha skuli niwapikie wenzangu. Alieleza akiangalia sahani yake, na mimi niliangalia yangu.

Mwaka mmoja vuli haikunyesha na maji ya bondeni yakaanza kushuka. Mzee wa bwawa, yule yule wa Kitumbatu, akawakusanya wavuvi wake wa Jumapili, wale aliowaamini, akawagawia majike wa kuzalia wawe amana kwao mpaka masika. Wengine waliwatia visimani, wengine kwenye matangi. Baba alikuja na watatu ndani ya debe, shati lake limeroa mpaka kifuani, akawatia kwenye birika letu la kuwekea maji.

Hilo birika halikuwa letu hasa. Baada ya Mapinduzi tulipewa vyumba viwili vya chini katika nyumba kubwa ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe walikuwa wameondoka. Kwenye kuta mlibaki alama nyeupe za mahali palipokuwa na saa na picha. Birika lilikuwa uani, refu kwenda chini, limepakwa chokaa ndani, na juu yake pana kifuniko cha mbao. Ukilifunua mchana huoni ila uso wako na kipande cha mbingu. Waliokuwa wakinywa maji yale hatukuwajua, na hatukupata kuyanywa sisi. Tulifulia.

Masika yalikuja. Wenzake wote walirudisha amana zao. Baba alikuwa amelala, kifua kinamkereketa, akisema wiki ijayo, wiki ijayo.

Kwa hiyo deni lilikuwa chini ya miguu yetu. Nilichokuwa nadaiwa ni kulitoa tu.

Nilianza na fimbo yake. Nilikaa ukingoni asubuhi, kofia niliyokuwa nikiishona kwa mkono imewekwa kando, na Bi jirani akinichungulia kutoka roshani ya juu. "Mvuvi wetu! Leo tule nini, changu au nguru?" Chambo hakikuguswa hata mara moja. Nikakumbuka kwamba jike anayelea hali. Nikaacha ndoana, nikamwomba muuza samaki dema dogo lililochakaa, mtego wa kusukwa kwa fito, nikalitia pumba na chicha, nikiwaza asiyekula huenda akaingia kujificha, nikalishusha kwa kamba.

Kulikuwa na sauti mle birikani. Haikuja usiku, ilikuja adhuhuri, wakati watu wameingia ndani na mji umenyamaza na jua limesimama juu ya ua. Chubwi, mara moja. Kisha kimya. Mdogo wangu wa kiume alisema ni samaki, na mimi nilisema ni samaki. Lakini baba alikuwa na desturi ya kurudi saa hiyo siku za Ijumaa, akajimwagia kata moja ya maji ya birika miguuni kabla ya kwenda msikitini, na sauti ilikuwa ile ile. Nilikuwa nikisita na sindano mkononi mpaka ipite. Kitinda mimba hakusita. Alikuwa akikimbia kulala kifudifudi juu ya mbao na kunong'ona kwenye ufa.

Wa kwanza aliingia demani kabla mwezi haujaandama. Nilimtia kwenye debe, na kwa kutishika akafungua mdomo akawatema watoto, wadogo kama mbegu za mchicha. Walitawanyika. Kisha, kwa kuwa yeye alikuwa akizunguka kwa hofu, hawakuuona mlango wa kinywa chake. Kitinda mimba alitia mkono majini kabla sijamkataza, vidole vimekunjwa. Wote wakaja. Wakajisukuma kwenye kivuli baina ya vidole vyake, wakitafuta pa kuingia.

"Dada, wanadhani mimi nani?"

Nilishika ukingo wa debe mpaka mama yao alipotulia na mmoja mmoja wakarudi kinywani mwake.

Nilimpeleka Kidichi siku ile ile. Mzee wa bwawa aliingia majini mpaka magotini, akauinamisha mdomo wa debe polepole. "Huyu keshalipwa," akasema. "Bado wawili." Hakunisifu wala hakunipa pole. Alinipa muhogo wa kuchoma, tukala tukiwaangalia watu wa Jumapili na mishipi yao, na pengo ukingoni nililolijua ni la nani.

Wa pili alichelewa, lakini alikuja. Baada ya hapo, hakuna. Nilibadilisha chambo, nikasogeza dema pembe hii na ile, nikaongeza jiwe. Adhuhuri, chubwi. Jike yumo, anaishi, na dema linapanda tupu. Mwaka ukageuka. Ami alikuwa akija na swali moja, "Umeshamtoa baba yako?" Aliuliza hivyo hivyo, si samaki, baba. Nilikuwa nikijibu, "Bado, ami," nikahisi kama mtu aliyemwacha mzazi wake mlangoni na mvua inanyesha.

Siku moja nilipandisha dema mapema kuliko kawaida yangu. Kwenye mlango wake mlikuwa na gunzi la hindi, limeshindiliwa sawasawa, halipenyi hata mkia.

"Nani kaziba dema?"

Mdogo wangu wa kiume aliapa kwa yote anayoyajua. Kitinda mimba alikuwa akichambua mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoka wa pili. Ukiingia jikoni nalipandisha, natia gunzi. Jioni nalitoa."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ami alisema baba amefungwa na samaki. Wakitoka wote ataondoka."

"Baba alishaondoka. Sote tulimwona akitolewa."

"Yule alikuwa kwenye jeneza. Huyu yumo birikani." Akaacha ungo, akaniangalia sasa. "Mama hakuwa na deni lolote, na hajarudi hata mara moja. Mwache baba afungwe."

Nilikuwa nimelibeba dema, maji yananichuruzika miguuni. Sikuwa na umri wa kulijibu neno lile, na leo nina wajukuu na bado sina. Nililitundika dema ukutani, kwenye msumari uliokuwa ukishika saa ya wenye nyumba. Nikamwambia, "Siku utakayokuwa tayari, utaniambia wewe."

Nilikwenda Kidichi kumweleza mzee. Niliogopa atanifukuza. Alisikiliza, akiokota majani makavu juu ya maji moja moja. Kisha akasema, "Kusamehe si kwangu, nilishasema. Lakini kungojea ni kwangu. Nangojea."

Miaka ikapita namna hiyo. Mchana tukimsikia yule jike, kitinda mimba akitabasamu juu ya madaftari yake, maana yeye niliapa atasoma, na mimi nikiisimamisha sindano. Nilikuwa nikiwaza roho ya baba imeng'ang'aniwa kwenye giza la chokaa kwa idhini yangu, mimi niliyesema kwa sauti kwamba nalichukua. Nikiswali nilimwombea subira. Sijui kama maiti huombewa subira.

Kisha tukapata fleti Michenzani. Watu walisherehekea. Mimi nilipapasa kuta nikitafuta mkono wake kwenye lipu. Kabla ya kuhama, kitinda mimba, ambaye sasa alikuwa akinifikia begani, alilitungua dema mwenyewe. "Dada, mtoe. Huku hatutakuwepo kumsikiliza. Atakaa na nani?"

Tulilishusha pamoja. Alipanda jike mmoja mkubwa, mweusi kwa kukaa gizani, kidevu kimejaa, sijui kwa dume gani. Tulimchukua kwenye debe, sote watatu, kwa gari la shamba mpaka Kidichi, tukateremka bondeni.

Mzee alikuwa keshazikwa, na sisi hatukupata habari. Waliokuja baada yake hawakuzibua mfereji. Mabwawa ya kuzalisha yalikuwa udongo uliopasuka, na lile la nne, la watu wa Jumapili, limeota magugu mpaka katikati. Aliyekuwa akilima mpunga kando yake alituuliza tunatafuta nini. Mdogo wangu wa kiume akamwambia tumeleta samaki. Yule mtu akatazama bwawa, akatazama debe, akasema, "Poleni."

Tulirudi naye. Tulimtia tena birikani, maana hatukuwa na pahala pengine pa kumweka hai, tukafunika mbao. Kitinda mimba alikaa ukingoni mpaka jua likahama ua. Nyumba ile baadaye ilianguka upande mmoja, na kifusi kikalifukia birika.

Kila ninapokuwa kwenye maziko, na mwanamme akasimama mlangoni kuuliza nani anayemdai marehemu, mimi nyuma ya pazia hungojea sauti yenye lafudhi ya Kitumbatu. Haijaja. Kitinda mimba wetu nimeshamuusia. Nimemwambia siku yangu itakapofika, na wakauliza, asione haya ya barazani. Aseme kwa sauti kama nilivyosema mimi: jike mmoja wa perege, wa kuzalia, wa watu wote, hajarudishwa.