Kutoka Buti za Jeshi hadi Makubadhi ya Temeke

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya viatu ya jeshi, sikuwa nimewahi kuvaa kiatu. Nilikuwa kijana wa Upare, nimekulia kwenye migomba na mibuni ya baba, na Vita vya Pili vya Dunia vilinikuta na jembe mkononi. Sajini aliyesimamia karakana alinitazama mikono kabla hajanitazama uso.

"Umelima?"

"Ndiyo, Afande."

"Basi mgongo unao. Kaa chini."

Nikakaa, na nikaendelea kukaa miaka arobaini na ushei.

Nyie mnaovaa viatu vya plastiki na gundi, nivumilieni niwaeleze. Buti ilishonwa juu ya kalibu, yaani mguu wa mti wenye namba yake. Ngozi uliitoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, kisha ukapitisha uzi uliopakwa nta ili maji yasipenye. Kalibu zilikuwa za namba chache tu. Askari aliyelalamika kwamba buti inambana alijibiwa na Sajini: "Mguu utaizoea buti. Buti haina mtu wa kumzoea." Niliyashika maneno hayo kama Amri Kumi, nikaenda nayo mpaka Burma, nilikokuwa nikishona buti zilizooza kwa mvua, na nikarudi nayo salama, namshukuru Mungu.

Vita vilipokwisha sikurudi Upare. Nilipanga chumba Temeke, na Bwana Nasoro, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo, mwenye duka la nguo, akanipa pembe ya baraza lake nifanyie kazi. Baba aliumia sana. Mimi ndiye mwanawe pekee wa kiume. Dada yangu Rebeka alikuwa nyumbani, lakini kwa desturi za siku zile shamba lilikuwa likinisubiri mimi. Baba akamwomba mwalimu wa shule amwandikie barua. Alinipa mpaka mvua za vuli. Kama kazi yangu itakuwa haijasimama, atakuja mwenyewe kunichukua nikashike shamba. Sikumbishia, ila moyoni sikutaka kabisa. Niliipenda kazi ya ngozi, hata harufu yake.

Nikashona viatu vya kamba, vile vile vya jeshi ila vyeusi na vinang'aa, nikavitundika ukutani. Watu walivishika, wakavisifu, wakavirudisha. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaona watu wa Temeke hawajui kitu kizuri, nikaanza kuwanunia wateja, kosa kubwa kwa fundi yeyote.

Bwana Nasoro akanionea huruma.

"Fundi, viatu vyako vizuri, sina neno. Lakini mie nikivivaa, adhana ikiita, watu watamaliza kusali niko kwenye tundu la tatu la kamba."

"Si unavifungua mapema, bwana?"

"Mara tano kwa siku? Na nikienda ukweni je? Nipige hodi, nikaribishwe, halafu niiname mlangoni robo saa? Nitengenezee makubadhi, ndugu yangu, niyavue bila hata kuinama."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miezi mitatu mizima nilikuwa nikitazama ndara na makubadhi yaliyopangwa mlangoni mwa msikiti, na nilikuwa sijaelewa kitu. Hata hivyo kiburi kilinikaba. Mimi, fundi wa buti za Mfalme, nikakate makubadhi! Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikafumua jozi mbili nilizokuwa nikizipenda mno.

Bwana Nasoro akawa mteja wangu wa kwanza na mwalimu wangu pia. Akasimama peku juu ya kipande cha ngozi. "Usinipime nimekaa," akasema. "Mguu uliobeba mwili ndio mguu." Akanielekeza nichore kwa mkaa na niache nafasi kidogo, maana joto la pwani huvimbisha miguu ifikapo jioni. Kalibu zangu nikazifanya kizuizi cha mlango. Idi ilipokaribia, watu walikuwa wakipanga foleni pale barazani.

Vuli ilipokaribia, baba akaja. Alikuwa peku, na kikapu cha maharage begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funga mizigo."

Lakini wateja walikuwa wakingoja, basi akaketi kando yangu, akatazama asubuhi yote. Walipopungua, nikatandika ngozi chini nikamwomba asimame juu yake.

"Na miguu hii? Nitakuchafulia ngozi."

Nikaushika mimi mwenyewe mguu wake nikauweka. Kisigino kilikuwa kimepasuka, na kidole cha mwisho kilipondwa na jembe kabla sijazaliwa. Maishani mwangu sikuwahi kuushika mguu wa baba. Niliuchora polepole kuliko wa mtu mwingine yeyote, na machozi yakinitoka, nikainamisha kichwa asinione.

Nilikuwa napigilia kisigino cha kubadhi lake la pili alipoanza kusema.

"Shamba lile analilima Rebeka tangu ulipokwenda vitani. Kahawa anapogoa yeye, mifereji anachimba yeye. Mimi nikawa nakutazamia wewe njiani, yeye aliye mbele yangu simwoni. Nitampa yeye. Wewe kaa na ngozi zako."

Siku zile jambo hilo halikuwa dogo. Nilijua ndugu zake wangemjia juu ukoo mzima. Lakini fundi anapopigilia huibana misumari kwa midomo ili mikono ibaki huru, na mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nikaitikia kwa kichwa. Nilipomaliza, alikuwa ameshamgeukia Bwana Nasoro wakizungumza habari za mvua, nikaona basi, nitamshukuru siku nyingine. Kesho yake akaondoka na makubadhi yake miguuni. Masika yaliyofuata nikaletewa habari za msiba wake.

Baadaye nilifungua duka langu mwenyewe, nikaajiri mafundi, na watu wa Buguruni na Kinondoni wakanijua. Rebeka alilima lile shamba mpaka uzeeni, na kahawa yake sikuikosa hata mwaka mmoja. Sasa nimestaafu, vidole havishiki tena msharasi. Mafundi vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia wampime mtu akiwa amesimama, na nta wasiifanyie ubahili. Na mzazi wako akikaa karibu nawe kazini, akaanza kusema, tema misumari kwanza.